Kuthibitisha baba wa mtoto na kudai matunzo pasipo cheti cha ndoa: mwongozo kwa wakazi wa Dodoma na jirani

Mwanaume akikana mimba, wengi hukimbilia kwa familia yake kugomba, au kwa mwenyekiti wa mtaa kulalamika. Miezi inakwenda, kikao kinaahirishwa, mjomba wake anaomba "tumpe muda kijana". Muda huo ndio unaoua madai, maana sheria ina saa yake na haisubiri vikao vya ukoo.

Sheria inayohusika ni Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo ni Sura ya 13 ya sheria za nchi, pamoja na kanuni za mwenendo wa Mahakama ya Watoto za 2016. Zote ni za Tanzania Bara. Zanzibar wana sheria yao. Kabla ya 2009 kulikuwa na sheria ya enzi ya mkoloni iliyoweka ukomo wa shilingi 100 kwa mwezi kwa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, na ukomo huo ulibaki vitabuni hata shilingi 100 ilipokuwa hainunui andazi. Ilifutwa. Leo mtoto wa nje ya ndoa ana haki ileile ya kula, kulala, kuvaa, kutibiwa na kusoma kama mtoto wa ndani.

1. Kabla ya yote, hesabu miezi

Chukua kadi ya kliniki, tazama tarehe ya kuzaliwa, hesabu miezi 24. Maombi ya matunzo dhidi ya mwanaume anayedaiwa kuwa baba hupokelewa katika nafasi nne:

- kabla mtoto hajazaliwa, yaani mama akiwa bado na mimba;
- ndani ya miezi 24 tangu mtoto azaliwe;
- wakati wowote baada ya hapo, ikithibitika kwamba mwanaume huyo alitoa fedha za matunzo ndani ya ile miezi 24 ya mwanzo;
- ndani ya miezi 24 tangu arejee Tanzania Bara, ikiwa aliondoka nchini kabla miezi 24 ya mwanzo haijaisha.

Nafasi ya tatu ndiyo inayookoa wengi, na ndiyo wengi wasiyoijua. Shilingi 20,000 aliyotuma mtoto akiwa na miezi mitano, kama ina ushahidi, inaweza kuuacha mlango wazi hata mtoto akiwa darasa la tatu. Ikiwa miezi 24 imepita na hakuna hata senti inayoonekana, usikate tamaa: anza na ombi la kuthibitisha nani mzazi. Hilo ni ombi tofauti. Laweza kuletwa kabla mtoto hajazaliwa, au wakati wowote kabla hajafikisha miaka 18, na hata baada ya hapo kwa ruhusa maalumu ya mahakama. Mzazi akishathibitishwa, wajibu wa kutunza unamfuata kama mzazi mwingine yeyote.

Mama akiwa na umri chini ya miaka 18 alipopata mimba, mambo hubadilika. Hapo kuna kosa la jinai, na pa kuanzia ni Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Familia mbili kukaa na kumalizana kwa ng'ombe hakufuti kosa hilo, na wanaolificha nao hujiingiza matatani.

2. Cheti cha kuzaliwa

Mtoto asajiliwe ndani ya siku 90. Kwa walio chini ya miaka mitano, usajili na cheti cha kwanza hutolewa bure kwenye vituo vya afya vyenye huduma ya mama na mtoto na kwenye ofisi za kata, chini ya mpango wa RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Aliyevuka umri huo hupitia ofisi ya RITA ya wilaya au mfumo wake wa mtandaoni, na huko kuna ada.

Kwa wazazi wasiooana, njia isiyo na utata ni wote wawili kufika na baba kukubali mwenyewe kuandikwa. Jina la mzazi kwenye daftari la vizazi ni miongoni mwa ushahidi ambao sheria imeutaja kwa jina, kwa hiyo hakikisha limeandikwa sawasawa na kitambulisho chake cha NIDA. Kosa la kila siku ni hili: baba anaitwa Yohana Mazengo kwenye NIDA, mtaani anaitwa Baba Neema, muuguzi anaandika "John M." kwa kuwa ndivyo mama alivyotamka. Miaka kumi baadaye bima, mirathi na pasipoti vyote vinagoma, na kusahihisha daftari ni safari ndefu kuliko kulijaza vizuri siku ya kwanza.

Baba akikataa kufika, usimcheleweshe mtoto na wala usiweke jina la mwanaume mwingine, hata la babu, "ili cheti kisiwe na pengo". Pengo hujazwa baadaye kwa amri ya mahakama. Jina la uongo huleta kesi juu ya kesi.

3. Faili

Nunua faili la plastiki la kubana. Ndani yake weka, kwa mpangilio wa tarehe:

Kwanza nyaraka za mtoto: tangazo la kizazi kutoka hospitali, kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa kama kipo. Kadi ya kliniki ya mama ni ya thamani kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu huonyesha umri wa mimba katika hudhurio la kwanza, na wakati mwingine jina la mwenza aliyesindikiza.

Pili, fedha. Nenda kwenye duka la mtandao wako wa simu uombe taarifa ya miamala ya kipindi chote tangu mimba, ichapwe na igongwe muhuri. Tatizo la kwetu ni kwamba wanaume wengi hawatumi kutoka simu zao. Wanampa wakala pesa taslimu pale stendi au Majengo, wakala anaweka moja kwa moja kwenye namba ya mama ili kukwepa makato. Taarifa itaonyesha jina la wakala, si la baba. Dawa yake ni ndogo: kila pesa inapoingia, mwandikie ujumbe palepale, "Nimepata 30,000 ya maziwa ya mtoto, asante." Akijibu "sawa" au "hiyo ya wiki hii", ushahidi umekamilika. Baba naye anayetunza kwa moyo afanye vivyo hivyo kwa upande wake. Aliyetoa taslimu mkononi miaka mitatu bila karatasi atasimama mbele ya hakimu kama asiyetoa kitu.

Tatu, maneno. Ujumbe wa simu na wa WhatsApp unakubalika mahakamani, ila picha ya kioo iliyokatwa katikati haina nguvu. Ionekane namba kamili badala ya jina ulilomhifadhia, ionekane tarehe, na mazungumzo yawe na mwanzo na mwisho. Simu yenyewe usiiuze wala usiifute. Unaweza kutakiwa kuionyesha. Utaapa pia hati ya kiapo ukieleza ujumbe huo ulitunzwaje na kuchapwaje.

Nne, mila. Sheria inatambua sherehe ya kimila iliyofanywa na baba wa mtoto, na pia kukiri hadharani. Kama wazee wake walikuja kwenu na faini ya mimba, au alimpa mtoto jina la ukoo wao, andika tarehe, mahali na majina ya waliokuwepo, na kama kuna muhtasari wa kikao upigie nakala. Hapa kuna jambo linalowachanganya watu vijijini, Bahi hadi Mpwapwa: ng'ombe wa faini anayekwenda kwa babu hamlishi mtoto. Ni ushahidi mzuri kwamba baba alikubali, lakini haufuti matunzo hata ya siku moja.

4. Ofisi ya ustawi wa jamii

Kila halmashauri ina Afisa Ustawi wa Jamii: Jiji la Dodoma, Chamwino, Bahi, Kongwa, Mpwapwa, Chemba, Kondoa. Baadhi ya kata nazo zina wao. Usiende na malalamiko ya maisha yako yote. Nenda na faili, namba ya simu ya baba, mahali anapofanya kazi, na orodha ya gharama za mtoto. Afisa atamwandikia barua ya wito, mara nyingi ikipitia kwa mtendaji wa kata au wa kijiji anakoishi. Omba nakala na uandike tarehe ilipopelekwa, maana wito uliokataliwa mara mbili tatu nao ni habari kwa hakimu.

Akija na kukubali, andikeni makubaliano. Makubaliano mengi huvunjika kwa sababu yameandikwa "atatoa matunzo kadiri ya uwezo". Hiyo si ahadi. Karatasi iseme: shilingi ngapi, tarehe gani ya mwezi, kwa namba ipi ya simu, nani analipa sare na michango ya shule, mtoto akilazwa nani analipa nini, baba anamwona mtoto siku zipi na wapi. Wote wasaini, na mashahidi wawili. Kisha ipelekeni mahakamani ili iwe amri. Bila hivyo, siku akiacha kulipa utaanza upya.

Asipokuja, au akija na kukana, acha kuzungushwa. Wapo watakaokuambia upate kwanza barua ya baraza la usuluhishi wa ndoa. Barua hiyo ni ya mashauri ya talaka. Shauri la mtoto peke yake haliihitaji.

5. Mahakama ya Watoto

Shauri hufunguliwa Mahakama ya Watoto, karibu na anapoishi mtoto. Usitafute jengo lenye kibao hicho tu. Mara nyingi ni majengo ya mahakama za mwanzo yaliyoteuliwa kwa kazi hiyo, na husikilizwa na hakimu mkazi. Kwa mjini, karani wa Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki Dodoma atakuelekeza chumba na siku.

Anayeweza kuomba uzazi uthibitishwe ni mtoto mwenyewe, mzazi, mlezi, afisa ustawi wa jamii, au mwingine mwenye maslahi akipewa ruhusa na mahakama. Zingatia neno "mzazi": linamhusu pia mwanaume anayeamini mtoto ni wake na mama ndiye anayekana. Maombi hujazwa kwenye fomu zilizomo katika kanuni za 2016. Unganisha maombi yako pamoja, kuthibitisha uzazi, matunzo, na kama kuna mvutano, ukaaji wa mtoto na ratiba ya kumwona, kuliko kurudi mara tatu.

Kesi husikilizwa faragha, bila majirani kujazana, na mahakama inaweza kumtaka afisa ustawi aandike taarifa ya uchunguzi. Atakuja nyumbani kwako na kwa baba. Usipange nyumba kama ya harusi, na usiifiche shida. Anachotafuta ni hali halisi ya mtoto. Wakili si lazima. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatambua wasaidizi wa kisheria, na wapo mpaka ngazi ya wilaya, na huduma yao ni bure. Anayekudai "ya fomu na ya nauli ya hakimu" si msaidizi.

Hakimu atataka kuridhika na mambo mawili: kwamba kuna sababu za msingi za kuamini huyu ndiye baba, na kwamba maombi yameletwa kwa nia njema, si kwa kutisha wala kukamua mtu. Ndiyo maana ujumbe wa "utanijua, nitakuaibisha Mtumba nzima kazini kwako" ni zawadi kwa wakili wa upande wa pili. Usiutume, hata kama una haki ya kukasirika.

6. Vinasaba

DNA si lazima katika kila shauri. Baba akikiri, au jina lake likiwa kwenye daftari, au ushahidi mwingine ukitosha, hakimu anaweza kuamua bila maabara. Pale ubishi unapobaki, mahakama huagiza kipimo.

Kipimo kinachoheshimiwa kisheria hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo ina ofisi Dodoma, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Vinasaba vya Binadamu ya 2009. Mtu binafsi hafiki tu dirishani akapimwa. Ombi hupitia mamlaka inayotambuliwa, kama vile mahakama, polisi, ustawi wa jamii au wakili, na majibu hurudi kwa aliyeomba, hayatolewi mkononi mwa baba wala mama. Ada ambayo imekuwa ikitangazwa ni shilingi 100,000 kwa kila sampuli, hivyo baba, mama na mtoto ni 300,000. Hakikisha kiwango cha sasa kabla ya tarehe. Kama huna uwezo, mwambie hakimu mapema, kwa sababu yeye ndiye anayeweza kuelekeza mzigo huo uende kwa nani.

Siku ya kipimo nendeni wote watatu pamoja, mkiwa na vitambulisho. Sampuli huchukuliwa kwa kupangusa ndani ya shavu, haiumi, hata kichanga hupimwa. Usibebe nywele za mtoto kwenye bahasha wala mswaki wa mwanaume ulioupata bafuni. Sampuli ambayo hakuna aliyeshuhudia ikichukuliwa haithibitishi chochote, na kupima mtu bila ridhaa kinyume cha utaratibu ni kujiletea shauri jingine. Mwanaume anayekwepa tarehe mara kwa mara naye asidhani amepona: hakimu huweza kukuweka kukwepa kwake kwenye mizani pamoja na ushahidi mwingine.

Majibu yakisema si baba, madai dhidi yake yamekwisha. Mama mwenye shaka yoyote juu ya tarehe ni heri aiseme mapema kwa afisa ustawi kuliko kuisikia ikisomwa.

7. Kiasi gani cha kuomba

Hakuna kiwango kimoja cha nchi. Hakimu hupima kipato na mali za wazazi wote wawili, uwezo wa kufanya kazi, watoto wengine wanaotegemea mzazi huyo, na gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi. Maisha ya Area D si ya Hombolo. Kwa hiyo andika bajeti ya mwezi kwa vitu, usitaje jumla tu: unga wa uji kilo ngapi, maziwa lita ngapi kwa wiki, mafuta, sabuni, sehemu ya kodi ya chumba, nauli ya kliniki. Shule na nguo viweke peke yake kwa kuwa hulipwa kwa muhula. Ukiomba 500,000 kwa mwezi kwa mtoto wa mwaka mmoja kutoka kwa dereva wa bodaboda, bajeti yako yote itaonekana ya kubuni.

Kwa aliyeajiriwa, mwezi ni mwezi. Kwa mkulima, fikiri kwa msimu. Mwenye shamba la zabibu huko Bihawana au alizeti Kongwa anaweza kuwa hana kitu Desemba na kuwa na fedha nyingi baada ya mavuno. Sheria inaruhusu malipo ya kila kipindi au ya mkupuo, basi omba kiasi kidogo cha kila mwezi na mkupuo baada ya kuuza. Amri inayolingana na mfuko wa mtu ndiyo inayolipwa.

Amri hudumu mpaka mtoto afikishe miaka 18, na inaweza kuendelezwa akiwa bado masomoni. Baba mtumishi aulizwe pia kuhusu bima ya afya: cheti chenye jina lake ndicho kinachomwezesha kumwandikisha mtoto kama mtegemezi.

8. Kumwona mtoto na kukaa naye

Matunzo na kumwona mtoto havibadilishwi kimoja kwa kingine. Mama hawezi kumficha mtoto kwa sababu mwezi huu baba hajatuma, na baba hawezi kuacha kutuma kwa sababu Jumapili iliyopita alikuta mlango umefungwa. Kila tatizo lina ombi lake mahakamani.

Kuna imani kwamba mtoto akifikisha miaka saba ni wa baba, anakuja kumchukua kama mzigo stendi. Kisheria si hivyo. Dhana iliyopo, kutoka Sheria ya Ndoa ya 1971, ni kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba ni vema awe na mama, na hata hiyo yaweza kupingwa kwa ushahidi. Baada ya saba hakuna anayehama kwa kalenda. Mahakama hutazama maslahi ya mtoto: umri, jinsia, ndugu zake wasitenganishwe, matunzo yasikatwe katikati, na maoni yake mwenyewe kama anayatoa bila kufundishwa. Baba, shangazi au bibi anayemchukua mtoto shuleni pasipo ridhaa ya anayekaa naye kihalali anatenda kosa.

9. Mliokaa pamoja kama mke na mume

Mkiwa mmekaa pamoja miaka miwili au zaidi na watu wanawajua kama mume na mke, Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinaweka dhana kwamba mmeoana. Upande wa pili unaweza kuipangua. Hata ikipanguliwa, mwanamke bado anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto. Kama ndiyo hali yenu, mweleze msaidizi wa kisheria tangu mwanzo, maana masuala ya mali huingia hapo na shauri hubadilika sura.

10. Akiacha kulipa, au akifa

Amri ikivunjwa, usisubiri deni lifike mwaka. Rudi mahakamani na taarifa ya miamala ukionyesha miezi iliyoruka, uombe amri ikaziwe. Mshahara au mali inaweza kushikwa. Baba aliyepoteza kazi naye arudi mapema kuomba kiasi kipunguzwe. Kunyamaza hakupunguzi deni.

Baba akifariki kabla hajathibitishwa, ombi la kuthibitisha uzazi liletwe ndani ya miaka mitatu tangu kifo. Usikae kungoja miaka hiyo: kikao cha ukoo cha kupendekeza msimamizi wa mirathi hufanyika mapema sana, mara nyingi siku ya kuanua matanga, na mtoto asiyetajwa kwenye muhtasari wake huanza akiwa nje. Peleka cheti chake hapo, na wakikataa kumwandika, weka pingamizi mahakamani kabla msimamizi hajateuliwa. Mgawo wenyewe utategemea kama mirathi inaendeshwa kwa mila, kwa Kiislamu au kwa sheria ya serikali, na katika mbili za kwanza mtoto wa nje ya ndoa hukutana na ubishi mkali. Baba aliye hai anaweza kuupunguza ubishi huo leo kwa wosia ulioandikwa, unaomtaja mtoto kwa majina yake yote matatu.